Firigisi Zetu, Kuku wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wakati fisi bado wana nyumba za bati na masufuria ya wali, palikuwa na fisi mmoja mwerevu kuliko fisi wote wa upande huu wa mto. Fisi huyo ni mimi. Msicheke mapema, wajukuu zangu. Mtacheka baadaye, nafasi ipo ya kutosha.

Sogeeni karibu. Na wewe mwache mwenzako mkia, nimekuona.

Siku hizo nilikuwa na banda la kuku wa nyama, mimi na mbia wangu Chui. Chui alitoa mbao na mabati, mimi nilitoa maneno. Kuku wa nyama mnawajua: weupe, kazi yao kula na kukaa. Hawazungumzi kama sisi wanyama wengine kwa sababu midomo yao haipati nafasi.

Lakini kuku wetu sisi walikuwa wembamba, sijui niwaelezeje. Ukimshika mmoja unashika manyoya. Chini ya manyoya unakuta mifupa, na katikati ya mifupa unakuta firigisi. Basi. Ukimpika, kitu pekee cha kutafuna ni hiyo firigisi.

Na firigisi kwetu haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya mwenye nyumba. Ila mgeni wa heshima akija, mwenye nyumba anaitoa anampa mgeni, na anacheka huku anaumia moyoni. Kwa hiyo kila tulipochinja kuku, mimi na Chui tulikodoleana macho.

"Banda ni langu," anasema Chui.

"Wazo ni langu," nasema mimi.

Tuliweza kuibishania firigisi moja mpaka mchuzi ukapoa na nzi wakaanza kula kabla yetu.

Sasa mtauliza, kwa nini kuku walikuwa wembamba? Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa. Dagaa ndio wanaompa kuku mwili. Na mimi, kama mwenye mali makini, nilikuwa na kawaida ya kupita stoo kuonja, nihakikishe dagaa hawajaharibika. Nilionja asubuhi. Nilionja tena mchana, maana dagaa aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kuharibika mchana. Jioni nililamba mfuko. Kuku walibaki na pumba.

Kitu nisichokijua ni kwamba Chui naye alikuwa anaonja.

Kuku wakikonda tulimlaumu mfanyakazi. Tulimfukuza Kanga, tukamfukuza Nungunungu, na huyo alituachia miiba mlangoni. Kuku wakazidi kukonda. Mimi nikasema ukoo wa vifaranga ndio mbaya.

Mambo yakawa mazito binti yangu Mwashamba alipopata mchumba kutoka ng'ambo ya mto. Wakwe wakatuma habari: mavuno yakiisha watakuja kula nasi, na wamesikia kwamba tunafuga kuku. Aliyewaambia ni mimi mwenyewe. Niliwaambia kuku wetu wakikaa, ardhi inabonyea.

Ndipo tukamwita Bi Nguchiro. Mnamjua nguchiro: mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Alikuja na kikapu na kilemba chake kichwani.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba. Unajua kufuga kuku?"

"Najua kuwafuga na najua kuwala, mzee. Hapa nitaanza na kuwafuga."

Chui hakucheka. Uso wa Chui haukuumbwa kwa ajili ya utani.

"Sikiliza, binti," akasema. "Wakwe wakija, sufuria lazima iwe na nyama. Kuku wasiponona, tutakupika wewe."

Mimi nikaitikia kwa kichwa. Tena nilimpima kwa macho, nikaona kwa mchuzi angetosha.

Bi Nguchiro akageuka. Akaenda stoo, akatazama mfuko wa dagaa uliotobolewa kwa meno. Akatazama chini, akaona nyayo zangu zenye kucha na nyayo za Chui za mviringo, zinakwenda kwenye mfuko na zinarudi. Angesema alichokiona, asingefika jioni. Akarudi kwetu anajifuta mikono.

"Wazee wangu, nimekagua. Naona hawa dagaa tuachane nao."

"Tuachane nao?" tukasema wote wawili kwa pamoja, kama wanakwaya.

"Wananuka, wanaita nzi, na kuku akilishwa dagaa wengi nyama yake inanuka samaki. Wakwe watadhani mmewapikia kambale mwenye mbawa."

"Lakini dagaa ni muhimu," nikasema. "Bila dagaa, mtu anakosa nguvu."

"Mtu, mzee?"

"Kuku. Nimesema kuku."

Chui akakohoa. "Hata mimi nawahurumia. Wameshazoea kitu chenye chumvichumvi kabla ya chai."

"Kuku wanakunywa chai, Mzee Chui?"

"Nimetoa mfano tu."

Bi Nguchiro akainamisha kichwa kwa adabu. "Nitawalisha mimea mitupu. Soya, mashudu ya alizeti, majani ya mlonge, na pumba kidogo."

Hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Kuku wa nyama unamlisha majani? Kwani ni mbuzi huyo?"

"Wasiponona, sufuria si ipo?"

"Ipo," akasema Chui.

"Basi tupatane ujira wangu mapema. Mimi sitaki makubwa. Siku ya kuchinja, firigisi zote ni zenu, hata moja sitagusa. Mimi nichukue kinachobaki. Na wakwe nitawalisha mimi kutoka kwenye hicho changu, nitawapikia mwenyewe. Ninyi msihangaike hata na kuni."

Chui akanivuta nyuma ya banda.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Amesema firigisi zote."

"Zote. Na kinachobaki ni nini?"

"Manyoya na mifupa."

"Na miguu."

"Miguu tumwachie," akasema Chui. "Ana watoto."

Tulijiona wakarimu kweli. Muelewe, wajukuu zangu, sisi hatukuwahi kuona kuku mwingine isipokuwa wale wa kwetu. Kwa akili yetu, kuku ni firigisi iliyovalishwa manyoya. Na mambo yakiharibika mbele ya wakwe, lawama ni za Nguchiro, na yeye mwenyewe ni kitoweo. Niliona tumemshika pande zote.

"Tumwite mjumbe awe shahidi," nikasema, "asije akatugeuka."

Ndiyo, niliyetaka shahidi ni mimi.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa Kobe. Tulimngoja mpaka tukasinzia. Alipofika alisikiliza, akatoa kichwa chote nje ya gamba.

"Firigisi zote ni za Mzee Fisi na Mzee Chui," akasema. "Kinachobaki ni cha Bi Nguchiro, na wakwe watalishwa na yeye. Wazee, hebu semeni wenyewe nisikie."

Tukasema. Mimi nilisema kwa sauti kubwa, na neno "zote" nilisema mara mbili.

Kazi ikaanza. Bi Nguchiro alichuma majani ya mlonge, akayaanika kivulini ili yasipoteze ukijani wake, akayatwanga, twi, twi, twi, mpaka yakawa unga. Soya aliikaanga kwenye chungu kipana mpaka ikanukia uani kote. Kisha alimwaga kila kitu sakafuni na kuchanganya kwa koleo, kwaruu, kwaruu.

"Mbona majani unaweka kidogo hivyo?" nikamuuliza. Nilitaka kuonekana mtaalamu.

"Yakizidi yana uchungu, mzee. Kuku anayasusa. Tunaanza na kidogo, tunawatazama, wakizoea tunaongeza."

"Hivyo hivyo," nikasema. "Nilikuwa nakupima."

Mimi sasa nilikuwa na shida yangu. Sikuwa nimeonja dagaa tangu Nguchiro aje. Mate yalikuwa yananijaa mdomoni kila nikipita stoo. Nikawaza: huyu mwanamke ni mjanja, haiwezekani kuku wale majani tu. Dagaa wamefichwa chini ya magunia.

Mchana mmoja Bi Nguchiro alikwenda kuchuma mlonge. Nikaingia stoo. Nikafungua gunia la kwanza, nikachimba, hakuna dagaa. Nikafungua la pili, lilikuwa la soya. Nikachimba mpaka chini, hakuna dagaa. Nikasema nisitoke mikono mitupu. Nikala soya. Ilikuwa ngumu na haina ladha, lakini mimi nikishaanza kula sina breki.

Nikiwa nimejaza mdomo, mlango ukafunguliwa polepole. Chui akaingia kwa kunyata, ananusanusa. Akaniona.

"Unafanya nini hapa?" akaniuliza.

"Nakagua. Na wewe?"

"Nakagua."

"Basi kagua gunia hili, lile nimeshamaliza."

Akakaa tukakagua pamoja. Tulikagua karibu nusu gunia.

Wajukuu zangu, tumbo lilianza kwa kunguruma taratibu, ngruu. La Chui likajibu, ngruu. Kisha langu likapanda juu, likashuka chini, likawa kama mbuzi wawili wanapigana ndani ya pipa. Na hapo ndipo Bi Nguchiro alipoingia na kikapu chake.

"Ah, wazee wangu mnakagua?"

"Tunakagua," akasema Chui. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye sharubu.

"Mmefanya vizuri. Ila hilo gunia msiliguse, hiyo soya haijakaangwa. Kuku akila mbichi hakui vizuri, na tumbo linamsumbua sana."

Niliogopa kufungua mdomo, na niliogopa zaidi kwamba kwingine kungefunguka kwenyewe. Kukafunguka. Pruuuu! Vifaranga wote bandani wakanyamaza.

Tangu siku hiyo hatukukanyaga stoo, mimi wala Chui. Kuku wakaanza kunenepa. Mimi nilisema ni hali ya hewa.

Baadaye kidogo Chui alinijia mbio.

"Fisi, tumekwisha. Kuku wana ugonjwa. Miguu imekuwa ya njano."

Tukaenda kwa Bi Nguchiro, naye akacheka kidogo. "Siyo ugonjwa, wazee. Ni yale majani. Hata ngozi itakuwa na unjano, na wageni wengi wanaipenda hivyo."

Tukatoka nje, Chui akashusha pumzi.

"Hata hivyo miguu iko upande wake," akasema.

"Na ngozi pia," nikasema. "Sisi inatuhusu nini?"

Mtaniuliza, babu, hukuona kwamba kuku wamekuwa wakubwa? Niliona. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanavyojikokota, nikafurahi, nikamwambia Chui: "Kuku akinenepa namna hii, fikiria firigisi yake." Na Chui akafumba macho akaifikiria.

Siku ya wakwe ikafika. Walikuja na mkwe mkubwa mbele, baba wa mchumba, fisi mzito mwenye fimbo na kofia ya kutarizi. Tukawakalisha barazani, kwenye mkeka mpya. Binti yangu alikuwa ndani anatembea huku na huku, maana alimpenda yule kijana, na siku hiyo ikiharibika ndoa nayo ilikuwa imeharibika. Alikuwa amenishika mkono asubuhi akaniambia, "Baba, leo usituaibishe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu kimepangwa na mimi.

Uani, Chui alikuwa wa kwanza kumnyanyua kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Nusura amwangushe.

"Fisi," akaniita kwa sauti ya mgonjwa. "Huyu ana kifua."

"Kifua cha nini?"

"Cha nyama."

Nikasogea. Nikabonyeza kifua, kidole kikazama. Nikabonyeza paja. Nikamchukua mwingine, naye ana paja, tena mawili. Nikatazama kuku wote waliopangwa pale mezani, weupe wenye unjano, wamejaa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa maana ya neno "kinachobaki". Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Nguchiro alikuwa anapasua na kugawa. Firigisi aliimenya ile ngozi ya ndani, akaiosha, akaitia kwenye bakuli dogo. Tup. "Hii yenu, wazee." Kuku mzima akamtia kwenye sufuria kubwa. Bwaa. "Huyu wangu." Tup, yenu. Bwaa, wangu. Mjumbe Kobe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anaitikia kwa kichwa kila ikilia tup.

"Bi Nguchiro, mwanangu," nikasema kwa upole. "Yale makubaliano yetu. Tuliposema kinachobaki, tulikuwa na maana ya manyoya."

"Manyoya nitachukua pia, mzee. Ahsante kwa kunikumbusha."

Chui akatoa kucha. Akanguruma, akapiga hatua moja kumwelekea. Bi Nguchiro akaacha kisu. Mkia ulimsimama wote, nikaona ameogopa kweli.

"Nani huyo ananguruma?" mkwe mkubwa akauliza kutoka barazani. "Huku kuna amani kweli? Binti wa nyumba ya ugomvi hatuchukui."

Nikamtazama Chui. Chui akanitazama mimi.

"Ni tumbo la mwenzangu, mkwe," nikajibu. "Ana njaa kidogo."

Kobe akanyoosha shingo yake ndefu. "Wazee, naweza kuwarudishia maneno yenu mbele ya wakwe, kama mmeyasahau."

"Hatujasahau," tukasema. Chui akarudisha kucha zake moja moja.

Chakula kikaandaliwa. Wali, mchuzi mzito, kuku wa kukaanga, wa kuoka, wa nazi. Wakwe wakala. Ilikuwa kimya, unasikia mifupa tu, kwakwa, kwakwa. Nyama ilikuwa laini, haina harufu ya samaki hata chembe. Sinia ikapita mbele yangu. Nikanyoosha mkono.

"Ah, mzee wangu, samahani," akasema Bi Nguchiro, akaisogeza sinia kwa adabu kubwa. "Wakwe, mniwie radhi. Mzee Fisi na Mzee Chui, siku za heshima hawali nyama. Wao ni firigisi tu."

Mkwe mkubwa akaacha kutafuna. "Ni kweli, mkwe?"

Ningesema nini? Niseme kwamba kuku wa nyumbani kwangu si wangu, kwamba nilimwachia mfanyakazi nikidhani ni manyoya? Binti yangu alikuwa anachungulia mlangoni.

"Ni desturi yangu ya zamani," nikasema.

"Na yangu," akasema Chui, kwa shida.

"Wazee wa heshima kweli," mkwe akamwambia mkewe. "Wanajizuia."

Nikajituliza. Nikasema moyoni, firigisi bado zipo, bakuli zima, kubwakubwa, za kukaangwa na vitunguu. Nikaliona bakuli linatoka jikoni. Mate yakanijaa. Bi Nguchiro akapita mbele yangu. Akapita mbele ya Chui. Akapiga magoti mbele ya mkwe mkubwa na kuliweka bakuli mkekani.

"Hizi ni zao wazee wetu, zote," akasema. "Na kwa desturi ya hapa, mwenye firigisi humpa mgeni wake."

Mkwe mkubwa akalitazama lile bakuli. Nikaona machozi.

"Nimekula ukweni kwingi," akasema. "Kote wananipa firigisi moja, na wananipa huku wamenuna. Sijapata kuwekewa za kuku wote. Mkwe, binti yako kwetu atakuwa malkia. Lakini kweli, hizi zote zangu?"

Chui alinikanyaga mguu. Binti yangu mlangoni alikuwa anafuta machozi ya furaha.

"Karibu, mkwe," nikasema.

Akala. Wajukuu zangu, alikula taratibu, anafumba macho kila firigisi. Kacha, kacha, kacha. Mimi na Chui tulikaa na sahani zetu za wali mtupu, tukitazama taya zake. Bi Nguchiro uani alikuwa anafunga kuku waliobaki kwenye majani ya mgomba awapelekee watoto wake, na mke wa mkwe alikuwa ameshamfuata kumwomba awafundishe huko kwao namna ya kulisha.

Firigisi ikabaki moja. Mkwe akainyanyua, akaitazama, akanitazama mimi.

"Na hii, mkwe?"

"Na hiyo, mkwe," nikasema, na nikatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Akaitia mdomoni.

Basi hapo ndipo maneno yangu yamefika ukingoni, chekeni sasa, nilishawapa ruhusa. Mkimaliza kucheka, shikeni hili moja: anayeiba chakula cha kuku wake, nyama yake ataila mwingine.